Mtihani wa Uwakala wa Hataza: Kijana wa Bugarama Aanzie Wapi?

Bugarama, Rwanda, ina mashamba ya mpunga bondeni na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kwa hiyo vijana wengi huko husomea kilimo, kemia au umakanika. Wengi wao wanaamini hataza, yaani haki ya pekee anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ni kazi ya wanasheria tu. Si kweli, na imani hiyo inawanyima kazi nzuri.

Tazama Marekani, ambako ndugu zetu wengi wa ukanda huu wamehamia. Anayetaka kusajiliwa kuwa wakala, yaani mtu anayewaandalia wavumbuzi maombi ya hataza, katika ofisi ya hataza ya huko, USPTO, haulizwi shahada ya sheria. Anaulizwa shahada ya sayansi au uhandisi, kisha anafanya mtihani wa maswali 100 ya kuchagua jibu kwa saa 6. Maswali 90 ndiyo yanayohesabiwa, na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Lakini mgeni lazima awe anaishi huko kihalali. Mtu akikuahidi kukusajili ukiwa bado Bugarama, usimpe hata faranga moja.

Sehemu kubwa ya mtihani huo inatoka katika mwongozo wa wakaguzi wa hataza, MPEP. Mwongozo huo ni mnene mno, na unaruhusiwa kuufungua kwenye kompyuta ya mtihani. Usiukariri wote. Sura ya 2100, inayoeleza kinachostahili hataza, na ya 700, inayohusu ukaguzi wa maombi, zisome mpaka uzijue vizuri. Zilizobaki, jua kila jambo liko sura gani. Swali moja lina dakika tatu na nusu hivi, na anayeanza kutafuta bila kujua pa kufungua atazimaliza zote hapo.

Kinachowashinda wengi, hata wenye kumbukumbu kali, ni madai, yaani sentensi zinazoweka mpaka wa uvumbuzi. Jizoeze na vitu unavyovijua. Andika hivi: “Mashine ya kupura mpunga yenye pipa linalozunguka, meno yaliyofungwa juu ya pipa, na kanyagio la kulizungusha.” Dai hilo litakataliwa, maana mashine za namna hiyo zipo tangu zamani. Ongeza “meno ya chuma 24” na jirani yako atatengeneza yenye meno 23, akuponyoke. Kazi yako ni kutafuta kile kipya hasa, pengine namna chujio linavyotenga punje na makapi, na kukitaja bila kujifunga kwa vitu visivyo na maana. Andika, futa, andika tena, kila wiki kifaa kingine. Sijaona zoezi linalozidi hilo.

Anayebaki Rwanda aende Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, kwa msajili mkuu anayesajili hataza, aulize masharti ya sasa ya uwakala. Asitegemee daftari la zamani la kaka yake: nafasi ya sheria ya miliki bunifu ya 2009 imechukuliwa na ya 2024. Rwanda pia imo katika ARIPO, shirika la miliki bunifu la kikanda la Afrika lenye makao Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa. Kwa masomo ya msingi, WIPO, shirika la miliki bunifu la dunia, ina kozi ya mtandaoni ya DL-101 isiyo na malipo. Mwenye uwezo wa kusonga mbele anaweza kusomea shahada ya uzamili ya miliki bunifu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Africa University huko Mutare, Zimbabwe.

Kuhusu mitihani ya zamani ya Marekani: USPTO ilitoa maswali na majibu ya 2003, nayo yanapatikana bure. Yafanye kwa saa mkononi. Ila Marekani ilibadilisha sheria yake 2011, na tangu Machi 16, 2013 anayetangulia kuwasilisha ombi ndiye mwenye haki, si anayetangulia kuvumbua. Swali lolote la zamani linalohusu upya wa uvumbuzi, hakikisha jibu lake katika MPEP ya sasa kabla hujalikubali.