Kuukinga Mji wa Kale na Maji ya Bahari

Mji wa Venice, kaskazini mashariki mwa Italia, umejengwa juu ya visiwa vidogo vidogo ndani ya wangwa wenye eneo la karibu kilomita za mraba 550. Maji ya Bahari ya Adriatic huingia humo kwa milango mitatu: Lido, Malamocco na Chioggia. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalipanda hadi sentimita 194 juu ya alama ya kipimo cha mji. Tangu hapo wahandisi walikabiliwa na swali gumu: mji wa kale utakingwaje bila ya kuharibiwa na kinga yenyewe?

Mafuriko hayo hayabomoi nyumba kwa siku moja. Wajenzi wa zamani waliweka chini ya kuta mawe ya Istria, ambayo hayapitishi maji kwa urahisi, na juu yake matofali. Lakini bahari imepanda, na ardhi nayo imedidimia, hasa katikati ya karne ya 20 viwanda vya jirani vilipokuwa vikivuta maji ya chini ya ardhi. Sasa maji huyafikia matofali, yakapanda katika vitundu vyake kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Yakaukapo, chumvi hubaki, hufanya fuwele, na fuwele hizo huupasua ukuta kutoka ndani. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa kusimamisha kipande cha tofali katika sahani ya maji ya chumvi kwa majuma machache.

Ukuta wa kudumu milangoni ungezuia mafuriko, lakini ungezuia pia meli, samaki, na kujaa na kupwa kwa maji, ambako ndiko huosha mifereji ya mji. Kwa hiyo yalibuniwa malango yanayolala. Yako 78, ya chuma, yamefungwa kwa bawaba sakafuni mwa bahari, nayo hulala yakiwa yamejaa maji. Hatari inapotabiriwa, hewa husukumwa ndani na maji hutoka. Uzito wa lango huwa mdogo kuliko uzito wa maji linayoyaondoa mahali pake, nalo huinuka. Archimedes asingeshangaa.

Ujenzi ulianza mwaka 2003, na malango yaliukinga mji kwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 2020. Tarehe 8 Desemba mwaka huo huo hayakuinuliwa, kwa kuwa utabiri ulionyesha maji madogo kuliko yaliyokuja, na maji yakafika sentimita 138. Chuma kilikuwa kizima. Kilichokosea ni utabiri.

Je, Mji Mkongwe wa Zanzibar waweza kuiga? Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya chumvi vivyo hivyo. Lakini wakati wa bamvua maji huko hupanda na kushuka karibu mita 4, ilhali Venice ni karibu mita 1 tu. Tena hakuna wangwa wa kufungwa. Ukuta wa ufukweni ndio unaobeba kazi yote. Maji ya bahari yenye kina cha mita 1 huusukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa nguvu ya newtoni 5,000 hivi. Kina cha mita 2, newtoni 20,000, kwani nguvu hukua kwa mraba wa kina.

Mwanafunzi akokotoe nguvu hiyo kwa kina cha mita 4. Kisha aeleze kwa nini ukuta usio na matundu ya kutolea maji waweza kuangukia upande wa baharini, maji yanapokupwa upesi na udongo ulio nyuma yake ungali umelowa.