Uchunguzi wa Ushahidi wa Kompyuta: Anachojifunza Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Mwanafunzi anayeanza somo hili chuoni hutazamia kufundishwa namna ya kufichua kila kilichofichwa. Badala yake, majuma ya kwanza hupita katika kujifunza kujizuia. Haruhusiwi hata kuiwasha kompyuta iliyoletwa kama kielelezo, kwani kompyuta inapowashwa huandika tarehe mpya katika faili zake nyingi, na wakili atauliza mahakamani ni mkono wa nani ulioziandika. (Kila mwaka darasani mwangu hutokea mmoja anayeiwasha “kuangalia kidogo tu”.)

Kazi huanza kwa kunakili diski nzima, pamoja na nafasi zinazoonekana kuwa tupu, kwa kutumia kifaa kinachoruhusu kusoma na kuzuia kuandika. Kielelezo hufungiwa, na uchunguzi hufanywa juu ya nakala. Lakini hakimu atajuaje kwamba nakala ni sawa na kielelezo? Hapo ndipo hisabati inapohitajika.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili ubaoni. Tuchukue stakabadhi ya shilingi 1900. Jumla ya tarakimu zake ni 10. Mdanganyifu akiigeuza iwe 9100, jumla ni 10 vilevile, na kipimo chetu hakikugundua kitu. Sasa tuzidishe kila tarakimu kwa nafasi yake, tukianzia kushoto. Kwa 1900 twapata (1×1) + (9×2) = 19, na kwa 9100 twapata (9×1) + (1×2) = 11. Udanganyifu umeonekana. Hata hivyo, 5700 nayo hutoa 19. Wanafunzi na watafute nyingine, zipo.

Kipimo kiitwacho SHA-256 hufuata wazo hilohilo kwa ukokotoaji mgumu zaidi. Faili yoyote, iwe barua au filamu, hupewa alama yenye nafasi 64, kila nafasi ikiwa tarakimu 0 hadi 9 au herufi a hadi f. Idadi ya alama ziwezekanazo ni 2 kwa kipeo cha 256, yaani namba yenye tarakimu 78. Ukiondoa nukta moja katika barua, alama hubadilika kabisa. Vipimo navyo huzeeka: MD5, kilichotangazwa mwaka 1992, kilitumika kila mahali, lakini mwaka 2004 Wang Xiaoyun wa China na wenzake walionyesha maandishi mawili tofauti yenye alama moja.

Si jambo la maabara tu. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa aina hii mahakamani, lakini katika kuupima uzito inataka kuangaliwa jinsi ulivyotunzwa. Mtunzaji mzembe aweza kumwachilia mwizi, au kumfunga asiye na hatia.

Tutazame kisa cha mji wa Wichita, Marekani. Muuaji wa watu 10, kati ya miaka 1974 na 1991, alikuwa akiwatumia polisi na waandishi wa habari barua za kujigamba. Mwezi Februari 2005 alituma disketi. Ndani yake wachunguzi walikuta mabaki ya faili iliyofutwa. Kufuta, katika disketi, ni kama kung’oa ukurasa wa yaliyomo katika kitabu: sura zenyewe hubaki mpaka ziandikwe juu yake nyingine. Mabaki hayo yalitaja kanisa moja la Kilutheri na jina “Dennis”. Kiongozi wa baraza la kanisa hilo alikuwa Dennis Rader. Alikamatwa tarehe 25 Februari 2005, na baadaye akakiri mahakamani.

Yafaa kuangalia jambo ambalo wasimulizi wengi huliruka. Disketi ilionyesha kompyuta na jina. Haikuonyesha vidole vilivyobonyeza. Kwa hiyo polisi walipima kwanza chembe za urithi za binti yake, wakazilinganisha na zilizopatikana katika mahali pa mauaji, ndipo wakamkamata.

Tena, asitegemee mtu kwamba kilichofutwa hupatikana daima. Diski nyingi za siku hizi, zisizo na sahani inayozunguka, huambiwa na kompyuta kusafisha nafasi zilizoachwa, na mara nyingi maandishi hutoweka kabisa muda mfupi baada ya kufutwa. Kwa sababu hiyo mwanafunzi husoma fizikia ya kumbukumbu za kompyuta sambamba na sheria ya ushahidi, na mtihani wake wa mwisho huwa ni kuandika taarifa ambayo hakimu asiyejua kompyuta ataielewa.