Msifute meseji za matusi

Binti anayeificha simu kila meseji inapoingia, au aliyeanza ghafla kukataa shule, huenda ananyanyaswa mtandaoni. Hapa Igoma nawasikia wazazi wakimwambia mtoto afute meseji na anyamaze. Siafikiani nao. Kufuta ni kumpotezea mchokozi ushahidi, na kujibu matusi kwaweza kukutia hatiani wewe. Zipigwe picha zikionesha namba na tarehe, kisha mtumaji azuiwe, na taarifa ifike Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Na mtoto asinyang'anywe simu. Akinyang'anywa, safari nyingine hatasema.