Dawa ya Uchafu Si Kipimo cha Kansa

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Muleba. Mama mdogo alikuwa anatokwa uchafu wenye harufu, karibu mwaka mzima. Ukirudi, anakwenda duka la dawa, anapewa vidonge, unakata. Nilipomwambia twende Bukoba akapimwe mlango wa kizazi, akashangaa: "Nipime nini tena mwanangu, na uchafu umeshakwisha?"

Sikuwa na jibu la haraka, ikabidi nifungue madaftari. Nawaletea nilichopata, maana hata hosteli nasikia maneno hayo hayo.

Karibu kansa zote za mlango wa kizazi zinaanza na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Aina ya 16 na ya 18 peke yake zinasababisha takriban asilimia 70. Mara nyingi mwili unakifukuza kirusi wenyewe ndani ya miaka miwili. Kikigoma kutoka, seli zinaanza kubadilika taratibu, na kufika kwenye kansa huchukua kama miaka 15 hadi 20.

Sasa bakteria wanaingiaje? Uke wenye afya una bakteria walinzi, laktobasila, wanaotengeneza tindikali. Wakipungua, wengine wanajaa, na harufu inaanza. Watafiti wameona kwamba wanawake wenye hali hiyo, au wenye klamidia, wanakutwa zaidi na HPV iliyong'ang'ania na seli zilizobadilika. Inadhaniwa kwamba maambukizi ya muda mrefu yanadhoofisha kinga ya eneo lile. Mwizi ni HPV; bakteria wanamwachia mlango wazi.

Hapo pana mitego miwili. Wa kwanza: vidonge vinaua bakteria, HPV havigusi. Uchafu unakwisha, seli zinaendelea kubadilika kimya kimya, bila maumivu. Wa pili: maambukizi yenyewe yanaweza kufanya seli zionekane mbaya kumbe si dalili ya kansa. Ndiyo maana unaweza kutibiwa kwanza, kisha ukaambiwa urudi kupimwa. Jamani, rudi.

Kwetu hili lina uzito zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kansa hii mara sita ya asiye navyo. Yeye anashauriwa kuanza kupima akiwa na miaka 25. Wengine, miaka 30.

Dada zangu, acheni kujiosha ndani kwa sabuni, mnawafukuza walinzi. Kaka zangu, mwenzako akikutwa na klamidia, nawe unatibiwa, la sivyo unamrudishia. Na kondomu inapunguza hatari, ingawa haizuii HPV yote.

Mama mdogo alikubali mwishowe. Kipimo chenyewe ni dakika chache: nesi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, seli zilizobadilika zinageuka nyeupe. Kwake sehemu moja iligeuka. Haikuwa kansa bado, ikatibiwa siku ile ile, akapangiwa tarehe ya kurudi.

Kwenye haisi ya kurudi Muleba alikaa kimya, kisha akauliza, "Na ningeendelea na vidonge vyangu?"

Nikamwambia, "Uchafu ungekuwa unakwisha tu, mama."