CHAI YA MLIMANI HAITAKI HARAKA

Leo nataka tusemezane juu ya chai. Najua utasema, "Aa, chai! Nani hajui kupika chai?" Hata mimi nilisema vivyo hivyo, nikaaibika.

Mambo yalikuwa hivi. Mjomba alirudi likizoni kutoka masomoni Uchina, akatuletea kikebe cha chai ya kijani. Mimi, kwa kutaka kuonekana hodari, nikainjika sufuria, nikatia maji, maziwa, sukari na vijiko vinne vya ile chai, nikaiacha itokote weee! Baba akaonja, akakunja uso. Baba ni mkulima wa majani chai. Shamba hilo ndilo linalonisomesha. "Mwanangu," akauliza, "hii ni chai au ni dawa ya minyoo?" Mjomba akacheka, kisha akanifunza haya ninayokupa sasa.

Kwanza, tuijue yenyewe. Inaitwa Huangshan Maofeng, nayo hutoka kwenye milima ya Huangshan, mkoa wa Anhui, mashariki mwa Uchina. Mmea ni ule ule wa Kericho na Limuru, ijapokuwa aina ya huko ina majani madogo zaidi. Tofauti kubwa iko katika utengenezaji. Majani ya chai yetu nyeusi hukatwakatwa na kuachwa yapate hewa mpaka yawe ya kahawia. Yale ya kijani hutiwa mapema katika karai la moto ili yasigeuke rangi, halafu hukaushwa.

Je, mlima una kazi gani? Kilele kirefu cha Huangshan kina mita 1,864. Limuru yetu iko zaidi ya mita 2,000! Kumbe urefu peke yake si hoja. Huko ni mbali na Ikweta, na wakati wa baridi theluji huanguka. Mchai hulala miezi hiyo ukiweka akiba, ilhali wetu huchumwa mwaka mzima. Machipukizi ya kwanza hutokea mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili. Ukungu huyakinga na jua kali, nayo baridi huyafanya yakue polepole. Kwa hiyo hubaki na theanini nyingi, kiini kinacholeta ladha tamu, na uchungu hupungua. Sisi huchuma majani mawili na kichipukizi. Wao, kwa chai ya daraja la juu, huchuma kichipukizi na jani moja tu. Kichipukizi hicho kina vinyweleo vyeupe mfano wa malaika ya mtoto mchanga.

Sasa tazama nilivyokosea. Maji yanayotokota huutoa uchungu wote kwenye jani, na maziwa huifunika ile harufu nyepesi ya maua. Njia iliyo sawa ni hii:

(a) Chemsha maji safi yasiyo na chumvi. Mchina Lu Yu, aliyeandika kitabu cha chai katika karne ya 8, alisema maji ya mlimani ndiyo bora, ya mto yafuata, ya kisima ni ya mwisho.
(b) Epua, uache yapoe wazi kwa dakika kama 5, yafikie nyuzi 80 hivi za sentigredi.
(c) Tia gramu 3 za majani, yaani kijiko kikubwa kilichojaa, katika kikombe cha mililita 150.
(d) Mimina maji, ngoja dakika 2, kisha chuja. Usitie sukari.
(e) Usiyatupe majani! Yaongeze maji mara ya pili na ya tatu, kila mara ukingoja zaidi kidogo.

Nilipofanya hivyo, chai ilitoka na rangi ya manjano hafifu, karibu kama maji. Baba aliitazama kwa dharau: ati strungi gani hii isiyo na rangi? Akanywa. Akanyamaza. Akasogeza kikombe nimwongeze. Halafu akasema polepole, "Tangu ujana wangu nachuma majani haya. Kumbe sijawahi kulionja jani lenyewe."

Maneno hayo yalinichoma, msomaji. Mtu aweza kuishi na kitu miaka mingi asikijue. Hata neno "chai" tunalolitamka kila asubuhi lina asili ya Kichina, "cha", likasafiri kupitia Uajemi hadi likatufikia.

Sikuambii uache chai ya maziwa. Mimi mwenyewe asubuhi siiachi. Nakuambia tu: kila kitu na mapishi yake. Ukiletewa usichokijua, uliza kwanza ndipo uinjike sufuria. Asiyeuliza, hanalo ajifunzalo. Kwaherini!