Kuacha Sigara kwa Tiba ya Kufidia Nikotini

Nikotini ni kemikali iliyomo katika jani la tumbaku, na ndiyo inayomfunga mvutaji kwenye sigara. Lakini yanayomuua mvutaji kwa kiasi kikubwa ni mengine, yaani lami inayoganda mapafuni, hewa ya kaboni monoksidi inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu, na makumi ya kemikali za saratani zilizomo katika moshi. Juu ya tofauti hiyo imejengwa tiba ya kufidia nikotini, ambayo humpa mtu nikotini kidogo isiyo na moshi, kwa chingamu, kibandiko cha ngozi au kidonge cha kumung'unya, ili mwili uachishwe taratibu kile ulichokizoea huku mapafu yakiwa yamekwisha kupumzishwa. Tiba hii isichanganywe na tiba mbadala kwa maana ya mitishamba, kwani mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Wala anayehamia kwenye kuberi au ugoro asidhani anajitibu, kwa kuwa hizo ni tumbaku zenye sumu zake.

Tiba huongeza uwezekano wa kuacha kwa asilimia 50 hadi 60, na hata hivyo wengi wanaoianza hurudia sigara. Swali la maana kwa kaya, basi, ni kwa nini dawa inayofanya kazi huwashinda watu wengi kiasi hicho.

Sababu ya kwanza ni kasi. Moshi hufikisha nikotini kwenye ubongo kwa sekunde 20 hivi au pungufu, ilhali chingamu huhitaji takriban nusu saa na kibandiko saa kadhaa, kwa hiyo anayeingoja raha ya pafu la kwanza la asubuhi hataipata kwenye dawa yoyote kati ya hizi, na ni haki yake kuelezwa mapema kwamba kazi ya dawa ni kutuliza kiu tu.

Sababu ya pili ni namna ya kutumia. Chingamu ya nikotini haitafunwi kama bigijii: hutafunwa polepole mpaka ladha ya kuwasha kama pilipili itokee, kisha huegeshwa kati ya shavu na ufizi, ambako nikotini hunyonywa na utando laini wa kinywa, na ladha ikififia hutafunwa tena, hivyo hivyo kwa nusu saa. Anayetafuna kwa haraka huimeza nikotini pamoja na mate, akapata kwikwi, kiungulia na kichefuchefu, na sehemu kubwa ya dawa huvunjwa na ini kabla ya kuufikia ubongo, naye huishia kuamini kwamba dawa ni mbaya. Kahawa, soda na maji ya matunda, kwa asidi yake, huzuia unyonywaji huo, ndiyo maana huepukwa kuanzia dakika 15 kabla ya kutafuna.

Kosa jingine, lililoenea sana, ni kutumia dawa kidogo mno kwa kuiogopa. Anayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa tangu kuamka kwa kawaida huhitaji chingamu ya miligramu 4 badala ya 2, na anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na kibandiko cha miligramu 21, akishuka hadi 14 baada ya wiki 6 hivi, kisha 7. Kibandiko kinachotoa nikotini kutwa nzima, kikiungwa mkono na chingamu kwa kiu ya ghafla, hufaulu zaidi kuliko kimojawapo peke yake. Mpango huo hufanywa na mtaalamu wa afya, hasa kwa mjamzito na kwa aliyepata shambulio la moyo karibuni. Kibandiko kilichotumika bado kina nikotini ya kumdhuru mtoto, kwa hiyo hukunjwa upande wa gundi ukiwa ndani na kutupwa asikoweza kufika.

Hata dawa ikitumiwa sawasawa, arosto haiondoki yote. Neno hilo la mitaani hutaja hali ya mwili ulionyimwa ulichokizoea: hasira za haraka, wasiwasi, usingizi wa mang'amung'amu, huzuni, njaa isiyoisha. Huanza ndani ya siku moja, huwa kali wiki ya kwanza, na kwa wengi hupungua sana ndani ya wiki 4. Nyumbani hali hii husomwa vibaya, watoto wakakaripiwa kwa jambo dogo na mtu akaambiwa arudie sigara zake ili nyumba itulie, na kauli hiyo, hata ikitoka kwa uchovu, humwondolea nguvu aliyekuwa akizihitaji zaidi siku hiyo. Kahawa nayo huchangia: moshi wa tumbaku huharakisha uondoaji wa kafeini mwilini, hivyo anayeacha kuvuta akiendelea na vikombe vilevile vya kahawa chungu hukaa na kafeini nyingi zaidi, akadhani moyo kwenda mbio na kukosa usingizi ni arosto, kumbe angepunguza vikombe.

Kuna pia suala la fedha. Sigara hununuliwa dukani moja moja kwa sarafu zilizobaki, ilhali dawa hulipiwa kwa pakiti, na katika miji midogo huenda isipatikane. Wengi hukatisha tiba wiki ya tatu wakijiona wamepona, wakati kiu ilitulizwa na dawa yenyewe, nayo hutakiwa kuendelea kwa wiki 8 hadi 12. Kaya inayoweka kando kila jioni fedha ya sigara ambazo hazikununuliwa hujipatia sehemu ya bei ya pakiti inayofuata.

Sigara moja iliyovutwa msibani au harusini haiharibu tiba nzima, na kinachoiharibu ni uamuzi wa kubandua kibandiko kwa aibu na kuyaacha yote. Wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja. Aliyeteleza huendelea na kibandiko chake, huzungumza na mtoa huduma kuhusu saa na mahali kiu ilipomzidi, pengine akaongezewa chingamu kwa ajili ya saa hiyo, na asubuhi hubandika kipya kama kawaida.