Sahihi ya posho si kura ya mkutano

Mfugaji wa Kaunti ya Marsabit ameniuliza kama jamii yake inaweza kuukataa mkataba wa mradi wa kaboni ambao "tulishausaini". Nilimwomba nakala, akatuma karatasi mbili. Ya kwanza ina sahihi ya mwenyekiti na wenzake wawili wa kamati. Ya pili ina majina, nambari za vitambulisho na alama za vidole gumba, na ilijazwa barazani ili watu wapate posho na nauli.

Watu hunaswa hapo. Orodha ya mahudhurio hubandikwa nyuma ya mkataba wa miaka mingi, kisha mnaambiwa mlikubali. Hamkukubali. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 kinasema mkataba wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii si halali mpaka uidhinishwe na thuluthi mbili ya mkutano wa jamii ulioitishwa kuujadili. Mkutano huo ni wa watu wazima wote, wanawake na vijana wakiwemo. Kamati kazi yake ni kuendesha shughuli za kila siku. Haiwezi kuwatolea idhini. Chifu naye hawezi, hata akifika na gari la kaunti na soda za kutosha kijiji kizima.

Kwa hiyo daini kumbukumbu za mkutano: uliitishwa lini, kwa ajenda gani, nani walipiga kura. Ombi liandikwe kwa Kiswahili. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu, na afisa wa umma ana siku 21 za kujibu. Akikuuliza unazitakia nini, huna deni la kumjibu. Akiitisha "kitu kidogo", andika jina lake na umripoti.

Msidhani mahakama haisikii mambo haya. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za wanyamapori za kaunti hiyo ziliundwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa, baada ya wakazi wenyewe kushtaki.

Sasa pesa. Marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa miradi ya ardhi. Ilikuwa ahadi nzuri. Kisha zikaja kanuni za 2024 na kuongeza maneno machache: baada ya kuondoa gharama za kuendesha biashara. Anayeandika gharama hizo ni mwenye mradi. Magari, washauri na ofisi ya Nairobi vinakatwa kwanza, na jamii inagawiwa kilichobaki. Bunge lilitoa kwa mkono mmoja, wizara ikachukua kwa mwingine, na naona kanuni hiyo inastahili kufutwa. Mpaka ifutwe, mkataba wenu wa maendeleo ya jamii, mnaoingia na mwenye mradi, utaje gharama zipi zitakatwa na kiwango chake cha juu, na hesabu zisomwe mbele ya mkutano kila mwaka.

Mkizozana na mwenye mradi, anzeni na njia iliyo kwenye mkataba. Siku 30 zikipita bila suluhu, pelekeni shauri kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal), pamoja na ile orodha ya posho. Ndiyo ushahidi wenu kwamba kura haikupigwa.